Paneli Juu ya Paa, Faili Juu ya Meza: Yaliyo Ndani ya Uwezo wa Kaunti Kurahisisha Ufungaji wa Sola

Tangu zitoke kanuni za mwaka 2024 zinazomruhusu mteja wa Kenya Power, kampuni inayosambaza umeme nchini Kenya, kuingiza kwenye gridi, yaani mtandao wa umeme wa taifa, umeme wa ziada unaozalishwa na paneli zake, malalamiko yanayofikishwa katika ofisi za nishati na za upangaji za kaunti yameongezeka, na mengi yanadai kuwa kaunti ndiyo inayowazuia wananchi kufunga sola. Sehemu ya malalamiko hayo ni ya haki, nasi tunaofanya kazi katika ofisi hizo hatuna budi kuikubali. Sehemu nyingine inatokana na kutofahamu ni ofisi gani inayohusika na jambo gani, na hili linawapotezea muda wananchi kuliko kibali chenyewe cha kaunti.

Jedwali la Nne la Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 limezipa kaunti jukumu la usambazaji wa umeme na udhibiti wa nishati katika ngazi yao, likiwa sehemu ya mipango na maendeleo ya kaunti. Sheria ya Nishati ya mwaka 2019, kifungu cha 5, inaitaka kila kaunti iandae mpango wake wa nishati na kuuwasilisha kwa Waziri. Leseni ya fundi, hata hivyo, hutolewa na Mamlaka ya Kudhibiti Nishati na Petroli, yaani EPRA. Kanuni za mwaka 2012 ziliwagawa mafundi katika madaraja matatu: T1 kwa mitambo midogo isiyozidi wati 100, T2 kwa mitambo isiyozidi wati 300, na T3 kwa mitambo mikubwa, ikiwemo ile inayounganishwa na gridi. Afisa wa kaunti hawezi kumpa fundi daraja asilokuwa nalo, na barua ya chifu au ya mwakilishi wadi haiwezi kushika nafasi ya leseni, hata kama fundi huyo ameufungia mtaa mzima sola. Kuunganishwa na gridi ni shughuli ya Kenya Power. Kinachobaki kwa kaunti ni jengo, ardhi na usalama wa wakaao humo.

Ucheleweshaji wa haki unaolalamikiwa unaanzia hapo kwenye jengo. Sheria ya Upangaji wa Matumizi ya Ardhi ya mwaka 2019 iliandikwa kwa kuwafikiria wajenzi wa nyumba, wagawaji wa viwanja na wabadilishaji wa matumizi ya ardhi. Haikuweka utaratibu maalumu wa paneli sita zinazolazwa juu ya mabati ambayo tayari yana kibali. Kwa sababu hiyo, kaunti moja inaweza kuzihesabu paneli kuwa ni mabadiliko ya jengo na kumtaka mwombaji alete michoro ileile anayotakiwa kuleta mwenye ghorofa, huku kaunti ya jirani ikiwa haiulizi chochote. Mwananchi hawezi kulaumiwa kwa kuchanganyikiwa katika hali kama hiyo.

Hata hivyo, naomba ieleweke vizuri kwamba pale ambapo kibali kinatakiwa, kinatakiwa kabla ya kazi kuanza. Kifungu cha 57 cha sheria hiyo ya upangaji kinasema kuwa anayeanza uendelezaji wa ardhi au jengo bila kibali anatenda kosa, na akipatikana na hatia atatozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au atafungwa kwa muda usiozidi miezi 2, au vyote viwili. Aidha, anaweza kuamriwa arudishe mahali hapo katika hali yake ya awali ndani ya siku 90. Kwa upande wa pili, sheria inamlinda mwombaji: asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kuwa kimetolewa. Akikataliwa, ana siku 14 za kukata rufaa kwa kamati ya uwiano ya kaunti (liaison committee), inayosikiliza rufaa za upangaji, na asiporidhika huko anaweza kwenda katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Wengi hawaitumii haki hii. Huja kugombana na karani wa mapokezi, ambaye hana uamuzi wowote juu ya faili.

Siku 60 zinafaa kwa ghorofa, lakini kwa paneli za nyumba ya familia ni nyingi mno. Jimbo la California nchini Marekani lilikabiliwa na tatizo hili, na mwaka 2014 likapitisha sheria iliyozitaka serikali zake za mitaa kuwa na utaratibu wa haraka kwa mitambo ya paa isiyozidi kilowati 10: orodha ya masharti iwekwe mtandaoni, maombi yapokelewe kwa njia ya kielektroniki, na ukaguzi uwe mmoja badala ya mwingi. Mwaka 2022 liliongeza kuwa miji mingi, isipokuwa ile midogo sana, iwe na mfumo wa mtandaoni unaokagua maombi na kutoa kibali papo hapo. Kaunti zetu hazihitaji kusubiri programu ya gharama kubwa ili kufika karibu na hapo. Kaunti inaweza kuweka kikomo cha ukubwa ambacho chini yake mwombaji hujaza fomu ya ukurasa mmoja. Inaweza kuchora mchoro wa mfano kwa paa la mabati na mwingine kwa paa la zege, fundi akaujazia vipimo tu. Na inaweza kutangaza siku za ukaguzi za kila wadi ili mwenye nyumba asikae akimngoja mkaguzi wiki nzima. Kazi hizi zinahitaji uamuzi zaidi kuliko fedha.

Kuhusu ada, nalazimika kurudia jambo ambalo hurudiwa kila siku kaunta: afisa hana ruhusa ya kumsamehe mtu ada. Ibara ya 210 ya Katiba inakataza kodi au ada ya leseni kutozwa, kusamehewa au kubadilishwa isipokuwa kwa sheria. Anayetaka ada ya sola ipunguzwe au ifutwe aje kwenye vikao vya ushirikishaji wa umma wakati mswada wa fedha wa kaunti unapojadiliwa, au alete maoni yake kwa maandishi. Vikao hivyo hufanyika kila mwaka na mara nyingi viti vingi huwa vitupu.

Ukaguzi wenyewe haupaswi kuondolewa, na hapa sikubaliani na wanaosema jua ni la Mungu kwa hiyo serikali isiingilie. Ukanda wa Pwani, parafujo za chuma cha kawaida huanza kutoa kutu kwa chumvi ya bahari, kutu inashuka kwenye bati, na upepo wa kusi unapovuma paneli iliyolegea huwa hatari kwa jirani. Mkaguzi huangalia vifungio, waya wa kupeleka umeme uliovuja ardhini (earth), na swichi ya kukata umeme wa paneli kama iko mahali panapofikika na imebandikwa lebo. Lebo hiyo si mapambo. Paneli huendelea kutoa umeme maadamu kuna mwanga, hata kama mita imezimwa, na mzima moto anayepanda paa akiwa na mpira wa maji lazima ajue hilo. Huduma ya zimamoto ni jukumu la kaunti kikatiba. Orodha ya nyumba zenye sola ni ya kumlinda mzima moto huyo pamoja na wenye nyumba.

Malalamiko mengine hayahusu kaunti kabisa. Mtambo uliounganishwa na gridi bila betri huzima wakati stima inapopotea. Haujaharibika. Umetengenezwa hivyo ili usipeleke umeme kwenye waya ambao fundi wa Kenya Power anaushika akiamini hauna umeme. Vilevile, umeme wa ziada unaoingizwa kwenye gridi haulipwi fedha taslimu. Mteja hupunguziwa bili kwa nusu ya uniti alizoingiza. Anayepiga hesabu za mkopo wake kwa kudhani kila uniti itarudi kamili atajikuta na deni.

Kwa wakazi wa Mji Mkongwe wa Lamu, ulioorodheshwa na UNESCO kuwa Urithi wa Dunia mwaka 2001, suala la uhifadhi linatangulia kibali cha kaunti, na ni vyema fundi akaonana na Makavazi ya Kitaifa kabla hajapeleka ngazi. Kwa wengine, faili iliyokamilika ina hati ya umiliki au idhini ya mwenye jengo, nakala ya leseni ya fundi ambayo muda wake haujapita, mchoro unaoonyesha paneli zitakaa wapi juu ya paa, na risiti rasmi ya malipo. Faili inayokosa moja kati ya hivyo hurudishwa, na siku zake huanza kuhesabiwa upya inapoletwa tena.