Kusanifu meno bandia ya kuvua: maana yake nini?

Mtu aliyepoteza baadhi ya meno akabakiwa na mengine anaweza kutengenezewa meno bandia ya kuziba mapengo, yale anayoyavaa na kuyavua mwenyewe. Kuyasanifu ni kuamua, kabla fundi hajaanza kazi, uzito wa kutafuna utabebwa na nani: meno yaliyobaki, ufizi, au vyote viwili.

Swali hilo ni zito kwa sababu jino na ufizi havibonyei sawa. Jino limeshikwa na mfupa, husogea kidogo mno. Ufizi ni laini, huzama zaidi. Pengo likiwa na jino mbele na nyuma, bandia hukalia meno hayo kama daraja. Shida huanza magego ya mwisho yakikosekana. Kila mtafuno huzamisha upande wa nyuma, na kulabu (mkono mwembamba wa bandia unaolikumbatia jino ili bandia isitoke) iliyokaa vibaya hulivuta jino la jirani kama nguzo inayotikiswa ili ing'oke. Jino lililokuwa zima hulegea, pengo likaongezeka. Ndiyo maana hapo wasanifu wengi huweka kiegemeo, yaani kijisehemu cha bandia kinachokalia juu ya jino, upande wa mbele wa jino, si upande unaopakana na pengo.

Mwaka 1925 daktari wa meno Edward Kennedy wa Marekani aliyagawa mapengo katika makundi manne: lililo wazi nyuma pande zote mbili; lililo wazi nyuma upande mmoja; la pembeni lenye meno mbele na nyuma; na la mbele linalovuka mstari wa katikati. Ukisikia kundi tu, tayari unajua mzigo utaelemea wapi.

Kisha huja vipimo. Ufito unaopita nyuma ya meno ya chini hukaa walau milimita 3 kutoka ukingo wa ufizi, usije ukaukwaruza. Ncha ya kulabu ya mchanganyiko wa metali za kobalti na kromi huingia ndani kama milimita 0.25 tu kwenye mbonyeo ulio chini ya tumbo la jino, yaani sehemu yake iliyotokeza zaidi. Ikizidi hapo, jino huvutwa kila bandia inapovuliwa.

Kwa maoni yangu, mchoro lazima uchorwe na daktari aliyemwona mgonjwa, usiachiwe fundi peke yake. Fundi hupokea mfano wa taya wa plasta, na kwenye plasta jino linalocheza husimama imara kama mengine, na ufizi unaotoka damu hauonekani.