Asilimia ya nini? Maswali ya bei kupanda na kushuka

Jumamosi iliyopita nilikaa na wanafunzi wa darasa la saba tukipitia maswali ya kuchagua jibu. Swali moja lilisema hivi: muuza vitenge alipandisha bei kwa 20%, wateja wakapungua, akaishusha kwa 20%. Bei ya sasa ikoje ukilinganisha na ile ya mwanzo? Zaidi ya nusu ya darasa walichagua "haijabadilika". Binti mmoja wa mbele aliwatetea wenzake: "Mwalimu, si amepanda ishirini akashuka ishirini? Amerudi pale pale."

Nilimpa chaki, nikamwambia achukue kitenge cha shilingi 10,000. Akaandika 12,000. Akatafuta 20% ya 12,000, akapata 2,400, na hapo mkono ukasita. Alipokuwa anapanda aliongeza 2,000, sasa anashuka anatoa 2,400. Akaandika 9,600, akarudi nyuma hatua mbili kuitazama.

Mimi ningependa kila mwanafunzi apate ile hatua mbili za kurudi nyuma, kwa sababu hapo ndipo asilimia inapoeleweka. 20% peke yake haina thamani yoyote mpaka uambiwe ni 20% ya nini. Ya kwanza ilikuwa ya 10,000, ya pili ya 12,000. Zimeandikwa sawa, zinasomwa sawa, lakini ni shilingi tofauti. Kwa hiyo kabla ya kalamu kugusa karatasi, nawataka waulize kwa sauti: asilimia ya nini?

Swali hilo likishajibiwa, njia fupi ni kuzidisha. Kuongeza 20% ni kuzidisha kwa 1.2, kupunguza 20% ni kuzidisha kwa 0.8, na 1.2 × 0.8 ni 0.96. Bei imepungua kwa 4%, iwe kitenge kilianza na shilingi 10,000 au 35,000. Kisha niliwauliza: je, angeshusha kwanza ndipo apandishe? Walikuwa na uhakika kwamba jibu litabadilika. Halibadiliki, maana 0.8 × 1.2 ni ile ile 0.96. Hilo liliwashangaza kuliko la kwanza.

Mzazi anayemsaidia mtoto nyumbani ajue pia kwamba majibu yasiyo sahihi hayawekwi ovyo. Mtunzi mzuri wa swali anajua makosa ambayo watoto hufanya, na kila kosa analiandalia jibu lake. Chukua swali hili: shati limeuzwa kwa shilingi 24,000 baada ya punguzo la 20%, je, bei yake ya awali ilikuwa ngapi? Kwenye machaguo utaikuta 28,800, ya yule aliyechukua 20% ya 24,000 akaijumlisha. Utaikuta 19,200, ya aliyeona neno "punguzo" akapunguza tena. Mtoto akipata namba kisha akaikuta kwenye machaguo, anaamini amepatia, anasonga mbele kwa furaha. Kuikuta namba yako pale si ushahidi wa chochote. Punguzo lilikatwa kwenye bei ya awali, basi 24,000 ni 80% ya bei hiyo. Gawanya kwa 8 upate 3,000, hiyo ni 10%. Bei yote ni 30,000.

Mtego huu haubaki shule ya msingi. Wanaojiandaa na GRE, mtihani wa kuombea masomo ya juu Marekani, huja kwangu wakiwa na shahada tayari, na unawanasa wao pia. Kuna aina ya maswali pale ambapo unapewa kiasi A na kiasi B, useme kipi kikubwa, au vinalingana, au taarifa hazitoshi kujua. Tuseme bei ni p, ikapanda kwa r%, kisha ikashuka kwa r%, ambapo p ni zaidi ya 0 na r iko kati ya 0 na 100. A ni p, B ni bei ya mwisho. Wengi husema taarifa hazitoshi kwa kuwa hawaoni namba. Lakini zidisha: (1 + r/100)(1 − r/100) ni 1 toa mraba wa r/100. Hiyo daima ni chini ya 1, kwa hiyo A ni kubwa, r iwe yoyote. Kwa 10% unapoteza 1%, kwa 50% unapoteza robo nzima. GRE wanakuwekea kikokotoo kwenye skrini, na hapa hakikusaidii hata kidogo, kwa sababu kazi yote ni kujua unazidisha nini.

Mfano ninaoupenda wa maisha halisi unatoka Kenya. Aprili 2020 serikali ilishusha VAT, kodi ya ongezeko la thamani inayojumlishwa juu ya bei ya bidhaa, kutoka 16% hadi 14%, na Januari 2021 ikairudisha 16%. Kiwango kilishuka kwa pointi 2 za asilimia na kikapanda kwa pointi 2. Lakini 2 katika 16 ni 12.5%, na 2 katika 14 ni takriban 14.3%. Mteja naye, bidhaa ya shilingi 100 kabla ya kodi alikuwa akiilipia 116, ikawa 114, nafuu ya 1.7% hivi. Mtu akikuuliza VAT ilishuka kwa asilimia ngapi, mna kazi ya kuelewana kwanza.

Tulimalizia na sukari. Bei imepanda kwa 25%, na mama hataki kutumia pesa zaidi ya zile za kila mwezi. Apunguze matumizi kwa asilimia ngapi? Darasa lote likaitika "ishirini na tano!" Nikakaa kimya. Yule binti akainuka bila kuitwa, akaandika ubaoni: kilo 5 kwa 2,400 ni 12,000. Bei mpya 3,000. Akagawanya 12,000 kwa 3,000, akapata 4.

"Amepunguza kilo moja," akasema.

"Kilo moja katika ngapi?" mvulana mmoja akauliza kutoka nyuma.

"Katika tano."

Akaandika 20%, akarudi kukaa.