Kugandisha saratani ya tezi dume si kuilaza usingizi

Wengi wakisikia “kugandisha” hudhani uvimbe unalazwa tu, kama nyama kwenye friji, na barafu ikiyeyuka utaamka. Sivyo. Sindano nyembamba hupitishwa kwenye msamba, nyuma ya korodani, daktari akifuatilia kwa ultrasaundi. Gesi ya agoni inayopita ndani ya sindano hizo hushusha joto la tishu hadi nyuzi 40 hivi chini ya sifuri. Barafu hupasua seli na mishipa midogo ya damu huziba. Kisha huyeyushwa na kugandishwa tena, maana kule kuyeyuka nako huua. Mrija wa mpira wenye maji vuguvugu hulinda njia ya mkojo. Mishipa ya fahamu ya uume haina kinga hiyo, hivyo nguvu za kiume hupungua kwa wengi, hasa tezi nzima inapogandishwa. Hilo mgonjwa aambiwe kabla hajatia saini.