Pointi Zikilingana, Usikimbilie Kuhesabu Mabao

Msimu wa ligi yetu ya mitaa hapa Malindi ukikaribia kwisha, simu yangu haipoi. Msimamo wa ligi nauandika mimi, kwa hivyo kila meneja aliyelingana pointi na mwenzake hunipigia kunifahamisha kwamba yeye ana mabao mengi, basi yuko juu. Namuuliza: kanuni za mashindano umezisoma? Kimya. Kisha ananijibu, "Lakini mwalimu, hata Uingereza ndivyo."

Uingereza ndivyo, sikatai. Ila wanaodhani tofauti ya mabao, yaani ya kufunga ukitoa ya kufungwa, ni sheria ya mpira dunia nzima wamenichosha. Sheria za mchezo ni 17, na hakuna hata moja inayosema timu zilizolingana pointi zipangweje. Hilo ameachiwa mwenye mashindano, naye huliandika kwenye kanuni zake kabla ya msimu kuanza. Wengine huanza na tofauti ya mabao. Wengine, sisi tukiwemo, huanza na matokeo ya timu hizo zilipokutana zenyewe. Italia, tangu msimu wa 2022/23, wawili wa juu wakilingana pointi wanarudi uwanjani kucheza mechi moja ya kuamua bingwa.

Wapenzi wa Barcelona hapa mjini ni wengi, na ndio wangepaswa kulijua hili kuliko mtu yeyote. Msimu wa 2006/07 wao na Real Madrid walimaliza La Liga, ligi kuu ya Uhispania, na pointi 76 kila mmoja. Siku ya mwisho Barcelona iliichapa Gimnàstic 5-1, huku Real ikitoka nyuma kuilaza Mallorca 3-1. Tofauti ya mabao ya Barcelona ilikuwa 45, ya Real 26. Kombe likaenda Madrid. Uhispania hutazama kwanza mlipokutana: Real ilishinda 2-0 kwake, na Camp Nou, kwa Barcelona, wakatoka 3-3, ile siku Messi alifunga yote matatu. Pointi nne kwa moja. Yale mabao 45 hakuna aliyeyauliza.

Kama hilo halikutoshi, kuna la Afrika Kusini, na hawa walikuwa timu ya taifa yenye maofisa wa kulipwa. Oktoba 2011 walikuwa Nelspruit wakimaliza mechi za kufuzu AFCON 2012, Kombe la Mataifa ya Afrika, dhidi ya Sierra Leone. Niger, wapinzani wao kundini, ilikuwa inapigwa na Misri kule Cairo. Wakapiga hesabu, wakaona sare inatosha kwa sababu tofauti yao ya mabao ni nzuri, wakaanza kula dakika. Ikaisha 0-0. Wachezaji wakacheza ngoma uwanjani, mashabiki wakashangilia, hadi mtu mmoja alipofungua kanuni za CAF, shirikisho la mpira la Afrika: kwanza hutazamwa walipokutana waliolingana.

Nitaifanya hesabu hiyo hapa polepole, maana ndiyo ileile ninayoifanya kila msimu watu wakinipigia kelele sikioni. Niger, Afrika Kusini na Sierra Leone zote zilikuwa na pointi 9. Misri ilikuwa mkiani. Kwa hivyo futa mechi zote za Misri, ubaki na hao watatu peke yao. Niger iliwafunga wote wawili nyumbani kwake na kupoteza ugenini kote: pointi 6. Afrika Kusini iliifunga Niger mara moja, ikatoka sare mara mbili na Sierra Leone: pointi 5. Sierra Leone vilevile, 5. Niger ikaenda AFCON kwa mara ya kwanza katika historia yake, na wale waliocheza ngoma wakabaki nyumbani.

Basi meneja ananiambia, "Mwalimu, hiyo ni hesabu ngumu." Si ngumu. Nunua daftari la mistari. Chora mraba, majina ya timu zote yashuke upande wa kushoto, hayohayo yapite juu. Matokeo ya nyumbani yaandike kwenye mstari wa mwenyeji. Msimu ukiisha, unapitisha kidole kwenye visanduku viwili tu na umejua nani ni nani. Nawaambia hivi kila mwaka kwenye mkutano wa kwanza wa manahodha na mameneja; wanatikisa vichwa, wanakunywa soda, wanaondoka.

Hata hao Waingereza watu hawawaelewi vizuri. Wazee wa Arsenal huapa kwamba mwaka 1989 walichukua ubingwa kwa kuwa walimfunga Liverpool kwake. Walihitaji ushindi ule wa 2-0, kweli, lakini haukuhesabiwa kama matokeo ya waliokutana. Timu zote mbili zilikuwa na pointi 76 na tofauti ya mabao 37. Kilichoamua ni mabao ya kufunga, 73 kwa 65. Wangeshinda 1-0 wangerudi London mikono mitupu. Manchester City na Manchester United mwaka 2012, hao ndio tofauti ya mabao kweli: 64 kwa 56, pointi 89 kila mmoja.

Mengine nayapitia tu. Arsenal ya 2003/04 si timu pekee kumaliza ligi bila kushindwa. Preston North End walifanya hivyo 1888/89, msimu wa kwanza kabisa wa ligi ya Uingereza, Juventus 2011/12, na Gor Mahia hapa kwetu mwaka 2015. Kwa hiyo pia ligi ya Uingereza haikuanza 1992. Kilichoanza mwaka huo ni Premier League. Ushindi haukuwa pointi tatu siku zote. Uingereza walitoa mbili hadi 1981, kwa hivyo acheni kulinganisha jumla za zamani na za leo.

Na anayesema Pwani haijawahi kutoa bingwa wa Kenya hajasikia habari za klabu ya Feisal ya Mombasa, 1965.

La mwisho: Malindi SC mnayoiona kwenye msimamo wa Ligi Kuu ya Zanzibar si yetu. Ni ya mtaa wa Malindi, Mji Mkongwe, Unguja. Msiniulize tena inacheza lini kwenye uwanja wetu wa Alaskan.