Bustani nyembamba, bwawa lisogee ukutani

Ploti nyingi ninazoitwa kuzipanga hapa Mombasa ni za futi hamsini kwa mia. Nyumba ikishasimama, hubaki bustani yenye umbo la ujia: ndefu, nyembamba, ukuta huku na huku. Mwenyewe akitaka bwawa la kuogelea, karibu kila mara hulichora katikati. Hapo mimi hukataa katakata.

Tupige hesabu. Bustani ina upana wa mita 8, bwawa mita 3. Likikaa katikati, kila upande unabaki mita mbili na nusu: ukiweka meza na viti, anayepita nyuma yako anakanyaga ukingo. Lisogeze upande mmoja, uache mita 1 ya mimea, na upande wa pili utapata mita 4 kamili. Hapo baraza inaenea. Penye watoto wadogo faida ni kubwa zaidi, kwani ukuta unakuwa upande mmoja wa uzio na unajenga tatu tu, kimo mita 1.2, geti lijifunge lenyewe. Ila kabla ya kuchimba, mhandisi aukague msingi wa ukuta huo.

Upepo nao una kauli yake. Kaskazi huvuma kutoka kaskazini mashariki, kusi kutoka kusini mashariki, kwa hiyo majani yanayoelea husukumwa magharibi msimu kwa msimu. Skima, ule mdomo unaonyonya takataka za juu, naiweka ukingo wa magharibi.

Mimea ndiyo inayoharibu mabwawa mengi. Mkungu una kivuli kizuri, lakini majani yake mapana yanaziba skima. Bogenvilia huangusha maua majini na miiba pale watu wanapopita peku. Kwenye ile mita 1 napanda mchaichai na migomba ya mapambo, ambayo majani yake hukaukia shinani ukayakata kwa wakati wako.

Urefu lazima ukatwe. Theluthi ya mwisho naikinga kwa ua wa mimea wa kufika kifuani, pampu ikae nyuma yake, na mawe ya Galana, yale bapa ya kutandika sakafu, nayalaza kwa kukingama ili macho yaone upana. Sakafu iteremke sentimita 2 kwa kila mita, ikilipa bwawa mgongo hadi kwenye mfereji; bila hivyo, mvua za masika zitasomba udongo wa bustani kuutia majini.