Kisu kikali si rafiki wa kiko

Wavutaji wengi wa kiko huamini kwamba kifaa bora cha mfukoni cha kutunzia kiko ni chenye kisu kikali kuliko vyote. Sivyo. Kifaa mashuhuri cha vipande vitatu, ambacho Ulaya na Marekani hujulikana kama cha Kicheki, hakihitaji kisu: kina kishindilio bapa cha kukandamizia tumbaku, sindano ya kuzibulia njia ya hewa, na kijiko butu cha kuchokolea majivu. Na ni cha bei nafuu.

Ubutu huo una sababu. Ndani ya kiko hujengeka ukoko wa kaboni, kama ule wa sufuria ya wali, na ndio unaoukinga mti usiungue. Viko vingi huchongwa kutoka kifundo cha mzizi wa Erica arborea, mmea wa nchi za Mediterania. Ni mti mgumu, lakini ncha ya kisu huuchimba, na palipochimbwa moto hupata pa kuanzia. Acha ukoko wa milimita 1 hivi. Ukinenepa mno unaweza kukipasua kiko.

Dukani, pitisha kidole kwenye ukingo wa kijiko. Ukikukwaruza, kirudishe. Hakikisha pia kishindilio kinaingia kwenye tundu la kiko chako bila kukwama.