Je, wajua kwa nini daktari wa Marekani lazima apite kwanza kwa mwalimu wa kemia?

Zaidi ya miaka mia moja iliyopita, mwalimu mmoja wa shule kutoka Louisville, Kentucky, alikitembelea chuo cha osteopathia (tiba ya kukanda na kunyoosha mifupa na misuli kwa mikono) mjini Des Moines, jimbo la Iowa. Akaonyeshwa milango yenye vibao: Anatomia, Fiziolojia, Patholojia. Yote imefungwa, na mwenye funguo, akaambiwa, hayupo. Mgeni akashukuru, akaaga. Wenyeji walipompa mgongo akarudi kimyakimya, akamtafuta mtunza jengo, akampa dola 5. Milango ikafunguka mmoja baada ya mwingine. Kila chumba kilikuwa na meza, ubao mdogo na viti. Darubini hakuna, vifaa vya maabara hakuna.

Mwalimu huyo ni Abraham Flexner. Hakuwa daktari na hakuwahi kusomea udaktari. Wakfu wa Carnegie ulimtuma akague vyuo vyote 155 vya tiba vya Marekani na Kanada, naye akatoa ripoti yake mwaka 1910. Aliyoyakuta yalitisha. Vyuo 16 tu ndivyo vilivyodai mwanafunzi awe amesoma angalau miaka miwili ya chuo kikuu kabla ya kuingia. Vingine vingi vilichukua mtu wa sekondari, na vingine vilimchukua yeyote mwenye ada mkononi. Flexner akapendekeza kwamba asiingie mtu bila msingi wa baiolojia, kemia na fizikia. Mfano wake ulikuwa Johns Hopkins ya Baltimore, iliyofungua milango mwaka 1893 ikidai wanafunzi wawe tayari na shahada.

Hapo ndipo yalipoanzia masomo ya sharti ambayo mpaka leo humnyima usingizi kijana wa Marekani mwenye ndoto ya koti jeupe: mwaka wa baiolojia, mwaka wa kemia ya jumla, mwaka wa kemia ogania (ile ya misombo ya kaboni), mwaka wa fizikia, vyote na maabara zake. Vyuo vingi vimeongeza biokemia au takwimu.

Kwa msomaji wa kwetu hili huchanganya kidogo. Tanzania mtu anamaliza PCB (fizikia, kemia na baiolojia) kidato cha sita, akifaulu vizuri anaingia moja kwa moja kwenye miaka mitano ya MD, shahada ya udaktari. Kenya ni miaka sita baada ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Marekani udaktari ni shahada ya pili: kwanza miaka minne ya shahada yoyote ile, hata ya historia au muziki, kisha miaka minne ya tiba. Lakini huyo wa muziki naye lazima ajipenyeze kwenye kemia na fizikia pembeni. Kwa hiyo mtu akikwambia binamu yake kule ng'ambo ameingia udaktari na shahada ya falsafa, usidhani aliikwepa kemia. Ameisoma, tena pengine kwa machozi.

Sasa swali. Je, aliyefanya vizuri kwenye masomo hayo ndiye atakayefanya vizuri kwenye udaktari? Na asiyeyasoma kabisa, ataanguka?

Kulipima jambo hili ni kazi ngumu, kwa sababu asiyeyasoma haingii, na asiyeingia hana matokeo ya kupimwa. Lakini kuna chuo kimoja New York kilichofungua dirisha. Mwaka 1987 Mount Sinai, chini ya mkuu wake Nathan Kase, ilianzisha programu ya kuchukua wanafunzi wa fasihi, historia na sayansi ya jamii wakiwa bado mwaka wa pili wa shahada ya kwanza. Walihakikishiwa nafasi mapema. Walitakiwa kusoma baiolojia na kemia ya jumla tu. Kemia ogania, fizikia na kalkulasi walisamehewa, na mtihani wa kuingilia, MCAT, hawakuufanya. Kilichobaki ni majuma machache ya kiangazi chuoni hapo, wakifundishwa vipande vya kemia ogania na fizikia vinavyomhusu daktari. Baada ya hapo wakawekwa darasa moja na wenzao waliopita njia ndefu. Wodi zilezile, wasimamizi walewale.

Mwaka 2010 David Muller na Kase mwenyewe walichapisha hesabu ya waliohitimu kati ya 2004 na 2009: 85 wa programu hiyo dhidi ya 606 wa njia ya kawaida.

Wodini, tofauti ilikuwa karibu haionekani. Alama za juu za mizunguko ya wodi, kuanzia magonjwa ya ndani hadi upasuaji, ziligawanyika bila upande mmoja kuushinda mwingine, isipokuwa kwenye magonjwa ya akili, ambako wanafasihi waliwapita wenzao. Wengi wao zaidi walijitengea mwaka mzima wa utafiti. Walipochagua ubingwa walielekea zaidi huduma za msingi na magonjwa ya akili, wakapungua kwenye upasuaji wa kibingwa na kwenye nusukaputi. Hilo la mwisho halinishangazi. Aliyekulia kwenye riwaya anapenda mgonjwa anayeongea.

Ila kuna mahali walibaki nyuma, na ni haki kulisema. Kwenye mtihani wa kitaifa wa sayansi za msingi, Step 1, unaofanywa kwa kawaida baada ya miaka miwili ya mwanzo, wastani wao ulikuwa 221, wa wenzao 227. Alama ya kufaulu wakati huo ilikuwa chini ya 190, kwa hiyo kwa wastani pande zote mbili zilikuwa salama, lakini takwimu zilionyesha kwamba pengo lile halikuwa bahati nasibu. Pia walichukua zaidi likizo za kusimamisha masomo kwa sababu zisizo za utafiti. Safari haikuwa laini kwao.

Kwa hiyo jibu la kwanza ndilo hili: sayansi ya awali hubashiri sayansi ya baadaye. Aliyezoea kukaa na kitabu cha kemia atakaa vizuri zaidi na kitabu cha famakolojia (elimu ya dawa), na siku ya mtihani wa karatasi ataonekana. Ukimfuata hadi kando ya kitanda cha mgonjwa, ubashiri huo unafifia.

Kabla hujamwambia mwanao aiache fizikia, subiri. Hao 85 hawakuokotwa barabarani. Walikuwa vijana waliochambuliwa kutoka vyuo vikali, wenye alama nzuri tangu shule, wenye maandishi yaliyowavutia wateuzi. Walichothibitisha ni kwamba mtu mwenye akili na bidii anaweza kujifunza udaktari bila kemia ogania. Hawakuthibitisha kwamba mtu yeyote anaweza.

Na hapa kuna mtego wa hesabu ambao huwanasa hata wasomi. Chukua unga, upitishe kwenye chekeche lenye matundu madogo. Kisha chukua ule uliopita na uulize: je, ukubwa wa chenga unaharibu maandazi? Utaoka mara mia na utasema hapana, ukubwa hauna neno. Ni kweli, kwa sababu chenga zote kubwa zimebaki juu ya chekeche. Ulizo nazo mkononi zinalingana. Ndivyo ilivyo kwa wanafunzi wa tiba. Wote walioingia wana alama za juu. Tofauti kati ya aliyepata A na aliyepata A kasoro kidogo ni nyembamba mno kuweza kueleza nani atakuwa daktari mzuri. Wenye D hawapo darasani tuwaone. Watakwimu hujaribu kurekebisha upungufu huo kwa hesabu, na wakirekebisha, uhusiano wa alama za awali na mitihani ya tiba hupanda. Kwa hiyo anayesema "utafiti umeonyesha alama hazina maana" amesoma unga uliokwisha kuchekechwa.

Mara moja, kwa bahati, chekeche lilitoboka. Mwaka 1979 chuo cha tiba cha Houston, Texas, kilikuwa kimeshachagua wanafunzi wake 150 pale bunge la jimbo lilipokiagiza kiongeze 50. Muda umekwenda, wazuri wameshachukuliwa na vyuo vingine. Ikabidi warudi chini kabisa ya orodha ya watu 800 waliosailiwa, wakawachukua wa nafasi ya 700 hadi 800, ambao wengi wao hakuna chuo kingine kilichowataka. Chuo kikawafuata hatua kwa hatua, na matokeo yakachapishwa mwaka 1987. Waliokataliwa mwanzo na waliopendwa mwanzo walifanana: masomoni, wodini, hata mwaka wa kwanza wa kazi.

Walimu waliposoma hayo waliona aibu, na walistahili. Lakini tuwe waangalifu: kilichowatupa hao 50 chini ya orodha hakikuwa hasa alama. Kwa sehemu kubwa kilikuwa hisia za wasaili, yule profesa aliyekaa na kijana chumbani kwa muda mfupi akaandika "sidhani". Kisa cha Houston kinaivunja imani ya usaili wa mazungumzo zaidi ya kinavyoivunja kemia. Ndiyo maana McMaster ya Hamilton, Kanada, chuo kisichodai somo lolote la sayansi kabla ya kuingia, kilibuni usaili wa vituo vingi vifupi: mwombaji anazunguka mlango hadi mlango, kila mlango tatizo jipya na msaili mpya, ili hisia ya mtu mmoja isimwangushe wala kumpandisha peke yake.

Kama alama na hisia zote zina mipaka, nini hubashiri daktari atakayeharibu? Mwaka 2005 Maxine Papadakis na wenzake walirudi kwenye mafaili ya chuo ya madaktari 235 waliokuja kuadhibiwa na bodi za majimbo zinazotoa leseni za udaktari, wakayalinganisha na ya wenzao wasioadhibiwa. Walioadhibiwa walikuwa na uwezekano wa mara 3 hivi wa kuwa na rekodi ya mwenendo mbaya tangu wakiwa wanafunzi: asiyetegemeka, asiyekubali kukosolewa, asiyejirekebisha. Alama dhaifu za kuingilia na za miaka ya mwanzo nazo zilihusika, ila kwa kiasi kidogo zaidi.

Kwa nini basi kemia ogania bado ipo? Watetezi wake husema haifundishwi kwa ajili ya mimenyuko yenyewe ya kemikali. Inafundisha kufikiri, kuchukua kanuni chache na kuzitumia kwenye molekuli ambayo hujawahi kuiona, kama daktari anavyofanya kwa mgonjwa mpya. Hoja ina uzito. Lakini kila mwanafunzi anajua kazi ya pili ya somo hilo, isiyoandikwa kwenye silabasi: kupunguza foleni. Wanaotaka ni wengi, viti ni vichache, na somo gumu linachuja bila chuo kulaumiwa. Sisi tunasema kudisko, yaani kuondolewa chuo kwa kufeli. Wao husema fulani "amebadilisha mawazo".

Mchujo huo haugusi wote sawasawa. Chuo Kikuu cha Stanford, Donald Barr na wenzake waliwafuatilia vijana walioingia wakitaka udaktari, wakaona hamu ikipungua zaidi kwa wanawake na kwa wanafunzi wa jamii za wachache, na walipowauliza sababu, kemia ndiyo iliyotajwa kuliko yote. Historia ina kisa kinachofanana. Baada ya ripoti ya Flexner, kati ya vyuo 7 vya tiba vya Wamarekani weusi, 5 vilikuwa vimefungwa kufikia mwaka 1923, vikabaki Howard na Meharry. Viwango vilipanda kweli, na vyumba vitupu kama vya Des Moines vikatoweka. Gharama ya kupanda huko haikulipwa na kila mtu kwa kiasi kilekile.

Mwaka 2022 ugomvi huu ulifika magazetini. Chuo Kikuu cha New York kilikatisha mkataba wa mwalimu mashuhuri wa kemia ogania, Maitland Jones, baada ya wanafunzi wake 82 kati ya 350 hivi kutia saini malalamiko kwamba alama zao ni za chini mno. Wengine walimsikitikia mwalimu, wengine wakasema mchujo umepata unachostahili. Mimi naona pande zote mbili zilikuwa zikibishana juu ya mlango, na mgonjwa akawekwa pembeni.

Vyuo vyenyewe vimekuwa vikisogea polepole. Mwaka 2009 ripoti ya pamoja ya umoja wa vyuo vya tiba na taasisi ya utafiti wa tiba ya Howard Hughes ilishauri kuacha kuhesabu kozi na badala yake kuuliza mwanafunzi anaweza kufanya nini. MCAT mpya ya 2015 iliongeza saikolojia na sosholojia na kuipa biokemia nafasi kubwa. Mount Sinai nayo, mwaka 2013, ilitangaza kwamba itapanua mpango wake hadi uchukue karibu nusu ya darasa, safari hii ikiwaruhusu na wanafunzi wa sayansi kuingia mapema bila MCAT.

Tangu Januari 2022 Step 1 haitoi tena namba. Inatoa neno moja: amefaulu, au ameanguka. Zile pointi 6 kati ya 221 na 227, ambazo ndizo zilikuwa ushahidi ulio wazi zaidi wa faida ya kemia na fizikia, leo zisingeonekana kwenye karatasi yoyote.